Kaske ya michezo haihukumiwi mu dakika tano

Rafiki yangu mmoja hapa Kamatanda alinunua kaske mpya ya michezo, akaniletea niisikie. "Sikia tu hii besi!" Alikuwa ameweka sauti juu kabisa. Dakika tano za kwanza ilinipendeza hata mimi. Kisha nikamuomba aniachie mpaka kesho yake. Aliporudi, nilimwambia ukweli: hii kaske iko nzuri mu mkono kuliko ku kichwa.

Nitaeleza sababu, maana pesa ya kaske haiko pesa ya kuchezea, na wengi tunanunua kwa kusoma boksi.

Maboksi mengi yanaandika 20 Hz mpaka 20,000 Hz. Hiyo njo mipaka ya sikio la mtu, basi. Haisemi kama sauti ya katikati inatoka sawa na besi. Kaske nzuri na mbaya zote zinaweza kuandika vile. Upana wa spika nao hautoshi: HyperX Cloud II, iliyotoka 2015, iko na spika za milimita 53, lakini kuna kaske zingine za upana karibu na huo ambazo sauti yao iko ya matope. Na ile "7.1"? Mu kaske nyingi za namna hii, ndani mna spika mbili tu, moja kwa kila sikio. Zingine zote ni hesabu ya programu. Inaweza kusaidia. Lakini kama mchezo wenyewe umekwisha kupanga sauti za pande zote, hesabu mbili zikipandana, nyayo za adui zinasikika kama ziko ndani ya pipa.

Sasa tupime namna gani? Ku agronomia walitufundisha kwamba mbegu ya mahindi haihukumiwi kwa picha ya mfuko. Unaipanda pembeni ya ile unayoijua, udongo ule ule, mbolea ile ile. Nilifanya vile: kaske yangu ya zamani pembeni, mchezo mmoja, na sauti sawa. Hiyo ya mwisho njo ya maana zaidi, sababu sikio linadanganyika upesi: kile kinacholia kwa nguvu kidogo zaidi, tunakiona bora. Nilipozisawazisha, besi ya ile mpya ilifunika vitu vingine. Ku mchezo wa mpira haisumbui sana. Lakini ku PUBG Mobile, kama husikii nyayo zinatoka kushoto ao kulia, umekwisha kufa.

Raha ya kichwa nayo inapimwa kwa saa, haiko kwa dakika. Saa ya kwanza, upinde wake ulikuwa sawa. Saa ya pili ulianza kubana, na mikono ya miwani yangu ikakandamizwa ku fuvu. Mito yake ni ya ngozi ya bandia, na mu mwezi wa kumi, mbele ya mvua, ngozi ya namna hiyo inakusanya jasho. Mito ya kitambaa inapumua vizuri, ila inaachia besi kidogo na kelele ya nje inapita. Cloud II ilipotoka, boksi lake lilikuja na mito ya aina zote mbili. Mi naona hiyo ni heshima kwa mnunuzi, kuliko mataa ya rangi.

Na hapa njo penye neno langu kubwa: raha na sauti haviko vitu viwili. Mto usipokaa vizuri, miwani ikaacha kanafasi, besi inakimbia na kelele inaingia. Kelele ya huku kwetu tunaijua: makamyo ya madini, treni, jenereta ya jirani. Unafanya nini? Unapandisha sauti. Kisha kaske inabana, unaisogeza, nafasi inakuwa kubwa, unapandisha tena.

OMS inasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 mu juma moja bila hatari. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu. Saa nne kwa juma! Wengine tunazimaliza jumamosi moja. Na vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio haviko kama sombe, unachuma leo na kesho inachipuka. Vikifa, vimekufa. Kwa hiyo kaske iliyofungwa vizuri, nyepesi, isiyobana, haiko anasa ya watoto wa matajiri. Njo inakuruhusu kucheza na sauti ya chini na bado usikie nyayo.

Basi mukienda kununua, vaeni miwani yenu, bebeni kaske ya zamani, muombe muuzaji mukae nayo hata nusu saa. Akikataa, muulize kama anarudishiwa. Boksi lisomeni mwisho.

Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Lakini ndugu, iko na mataa!"

Nikamuuliza: "Utayaona namna gani? Si iko ku kichwa yako?"