"Maandishi Matupu": Jina Lisilofaa

Ukurasa wa tovuti huwa na alama ambazo msomaji hazioni: ya kichwa cha habari, ya aya, ya jedwali, ya neno lililotiwa mkazo. Utaratibu wa alama hizo ndio uitwao HTML. Mfasiri au karani anayetaka maneno peke yake hutumia programu ya kuziondoa, na kinachobaki wapo wanaokiita "maandishi matupu". Jina hili hatuliafiki.

Kwanza, maneno matupu kwa Mswahili ni ahadi za mtu asiyetenda. Hoja hiyo ni ndogo, na tungeweza kuinyamazia. Kosa kubwa ni kwamba jina hili lafundisha kuwa alama ni gunzi la kutupwa, na kwamba kuziondoa ni sawa na kupukuchua mahindi. Tuchukue ukurasa wa hesabu ulioandika 10 na juu yake 3 ndogo, yaani elfu moja. Programu ya kupukuchua hutuachia 103. Tangazo lililokata shilingi 5,000 kwa mstari na kuandika 8,000 hutoka likiwa na ada mbili, zote kama halali. Hakuna tarakimu iliyopotea, ila maana imepotea, wala anayenakili hana dalili ya kumzindua.

Ipo kazi nyingine, iliyo bora zaidi. Aaron Swartz aliandika html2text, programu isiyotupa alama ovyo bali huzitafutia zinazolingana nazo katika Markdown, mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004 kwa ushauri wa Swartz huyo huyo. Humo neno la mkazo huzungushiwa nyota, nalo jicho hulisoma bila taabu. Pandoc ya John MacFarlane, iliyoanza mwaka 2006, hufanya hivyo kwa mitindo mingi. Hata hivyo Markdown ya awali haikuwa na alama ya jedwali. Aliyelihitaji aliandika HTML yenyewe katikati ya maandishi. (Mfasiri aliyewahi kukosa neno akaliacha la kigeni hatashangaa.)

Twapendekeza basi kazi hizi mbili zisiitwe kwa jina moja: ya kwanza iwe kupukuchua, ya pili kugeuza. Kutafsiri lisitumiwe kwa yoyote kati yake, maana lugha ya ukurasa haibadiliki. Zao la kugeuza liitwe maandishi sahili, kama wanasarufi wasemavyo sentensi sahili, ambayo ni fupi wala si tupu. Tutaambiwa kwamba "sahili" lanuka kitabu. Ni kweli, lakini walimu wanalo tayari darasani.

Na faili lililopukuchuliwa liandikwe hivyo juu yake, tarakimu zake zilinganishwe na ukurasa wa asili kabla halijapigwa muhuri.