Gregor Samsa na Deni la Baba Yake

Wahakiki wengi wa nchi za kibepari wamezoea kumsoma Gregor Samsa, mhusika mkuu wa Die Verwandlung ya Franz Kafka (1915), kama roho pweke inayotafuta maana ya maisha. Kwa upande mwingine wapo wana-mapinduzi waliomtupa Kafka kwa neno moja: ukatishaji tamaa wa kibwanyenye. Georg Lukács alimlinganisha na Thomas Mann akamchagua Mann. Mwaka 1963 wahakiki wa Kimarx walikutana Liblice, Chekoslovakia, kujadili kama Kafka ana lolote la kuwaambia watu wa nchi za kijamaa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimesahau kuhesabu fedha zilizomo hadithini.

Tuhesabu basi. Biashara ya baba ilianguka miaka 5 iliyopita. Gregor akawa wakala wa kuuza vitambaa, akizunguka kwa treni, na tajiri wake ndiye anayewadai wazazi wake. Asubuhi anaamka amegeuka mdudu, lakini kinachomhangaisha zaidi ni treni iliyomwacha. Saa moja imepita kidogo tu na karani mkuu amekwisha bisha hodi.

Akiwa amefungiwa chumbani anamsikia baba akieleza kwamba akiba ya zamani ilibaki, na kwamba hata fedha alizokuwa akileta yeye hazikutumika zote. Kwa fedha hizo deni lingelipwa mapema, naye angeiacha kazi ile. Je, anakasirika? La, anatikisa kichwa nyuma ya mlango akifurahia busara ya mzee! Ndugu msomaji, urudie ukurasa huo. Hakuna mjeledi unaohitajika kwa mtu aliyekwisha kubali kwamba thamani yake ni mshahara wake.

Tusiwaonee jamaa zake. Baba anakuwa tarishi wa benki, mama anashona nguo za duka, Grete anauza dukani. Wanarudi wamechoka, na uchovu huo ndio unaogeuza huruma kuwa karaha: dada aliyekuwa akichagua chakula sasa anakisukuma kwa mguu, chumba kinakuwa stoo, tofaa alilotupa baba linaozea mgongoni mwa mwanawe.

Usiku mmoja Grete anapiga fidla mbele ya wapangaji 3, nao wanachoka kusikiliza. Gregor peke yake anavutwa, kana kwamba ameona chakula alichokikosa siku zote. Hapo kweli anatafuta maana. Lakini ndoto inayomjia ni ya kumweka dada chumbani mwake asitoke tena, yaani kummiliki. Mwandishi hakumsafisha mhusika wake, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Udhaifu upo. Kafka alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague tangu 1908 hadi 1922. Aliwajua waliokatwa vidole na mashine. Hata hivyo Gregor hana mwenzake hata mmoja. Mawakala wengine anawaona wavivu wanaodeka, tarishi wa ofisi ni kibaraka wa tajiri, na wazo la kuungana halimpiti mtu yeyote kichwani.

Gregor anapokufa, jamaa wanaandika barua 3 za kuomba ruhusa kazini, wanapanda tramu kwenda nje ya mji. Njiani wazazi wanamtazama Grete, wanaona amekua na kunawiri, na kwamba wakati umefika wa kumtafutia mume mwema.