Lugha Isiyojibiwa: Uhakiki wa Wimbo "Seasons"

Makala haya mafupi yanakusudia kuuhakiki wimbo wa rapu uitwao "Seasons". Wimbo huu umo katika albamu ya filamu Black Panther, iliyosimamiwa na Kendrick Lamar na kutolewa tarehe 9 Februari 2018. Filamu yenyewe, inayomhusu shujaa mwenye nguvu za ajabu, ilioneshwa Kisumu mwezi uo huo. Na Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa huku, ni mmoja wa waigizaji wake. Kwa hiyo msikilizaji wa Migosi hawezi kuuchukua wimbo huu kuwa ni jambo la ugenini tu.

Sjava wa Afrika Kusini anaimba kwa Kizulu. Mozzy na Reason, wote wa California, wanaghani kwa Kiingereza. Kimaudhui wanakutana: wote wanazungumzia dhiki. Wapo watakaodai kwamba Kizulu hapa ni pambo, kwa kuwa kimepewa kuimba ilhali Kiingereza kimepewa kughani. Dai hilo halina nguvu. Ye yote aliyemsikiliza mpiga nyatiti anajua kuwa wimbo hubeba hoja sawasawa na ghani.

Kasoro, kwa maoni yetu, iko katika fani. Tuchukue mfano wa pakruok ya Wajaluo. Mtu humlipa mwanamuziki, wimbo ukasimama, naye akajisifu au akamsifu rafikiye. Kisha huinuka mwingine, akalipa, akajaribu kumpiku. Majigambo hayo yanakaribiana sana na ya rapu, lakini kila neno humlenga mtu aliyepo, na huweza kujibiwa papo hapo. Washairi wa Kiswahili nao wana malumbano na ngonjera. Katika "Seasons" kila msanii huingia, akatoa lake, akatoka. Hakuna anayelidaka neno la Sjava kwa lugha aliyolisemea.

Ajabu ni kwamba filamu yenyewe ilikwisha kulitatua tatizo hili. Killmonger, aliyekulia Marekani, anapoulizwa mbele ya baraza la Wakanda yeye ni nani, anajitaja kwa Kixhosa. Jibu hilo ndilo linalompa haki ya kudai kiti cha enzi. Ndugu aliyepotea ameisikia lugha, na ameijibu. Wimbo umekosa tendo hilo moja.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Tangu mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotwaa majina kama Simba na Rafiki, tumezoea kufurahi kila lugha yetu inaposikika ng'ambo. Kipimo hicho ni kidogo mno. Lugha huheshimiwa pale mgeni anapolazimika kuielewa ili apate kuijibu. Na kwa kipimo hicho, "Seasons", pamoja na uzuri wake wote, ni mazungumzo yaliyokatizwa.