Fundi Umeme wa Pikipiki Anavyopimwa

Pikipiki kuukuu imegoma. Mafuta yamo, kiki zimepigwa hadi mguu umechoka, na plagi haitoi moto. Hapo ndipo ubora wa fundi umeme unapojulikana, mara nyingi kabla hajafungua skrubu hata moja. Fundi anayetamka papo hapo kwamba CDI, kile kiboksi kinachoamuru moto wa plagi, imekufa, ikanunuliwe nyingine, hajachunguza kitu. Anakisia, na gharama ni ya mwenye pikipiki.

Fundi wa kweli huanza kwa maswali. Ilizima ghafla njiani, au ililala nzima ikaamka imegoma? Imeoshwa karibuni? Nani alizigusa nyaya mara ya mwisho? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu chombo cha zamani kimepita mikononi mwa wengi na kila mmoja ameacha kiungo chake.

Kisha hutambua mfumo ulio mbele yake. Mfano mzuri ni injini ya CG125, ambayo Honda ilianza kuitoa mwaka 1976 na viwanda vya China vikaiiga kwa wingi. Nyingi kati ya nakala hizo hulisha CDI kutoka koili iliyo ndani ya magineti, si kutoka kwenye betri. Betri ikifa, honi na indiketa hunyamaza, lakini kiki bado huwasha injini. Anayeuza betri kutibu plagi isiyotoa moto kwenye pikipiki ya aina hiyo hajui anachokifanya. Zipo nyingine ambazo CDI hula umeme wa betri, na huko betri ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kwenye nakala hizo za CG125 kuna waya mweusi wenye mstari mweupe, na huo ndio mtihani wenyewe. Funguo ikizimwa, waya huo hugusishwa ethi na moto wa plagi hukatika. Sasa ukichubuka chini ya tangi au shingoni mwa usukani ukagusa chuma cha fremu, injini huzimwa ilhali funguo imewashwa. Fundi hodari huuchomoa kwenye CDI, akapiga kiki. Moto ukirudi, CDI na koili zimeshaondolewa lawama bila kutumia hata shilingi. Kosa liko kwenye swichi au kwenye waya. Ni kipimo kifupi na kizuri mno. Ila anayeishia hapo na kuurudisha mtaani mtambo usiozimika kwa funguo ameharibu sifa yake yote.

Moto usiporudi, mita hutoka mfukoni. Koili ya magineti hupimwa ikiwa imechomolewa, na kwa kawaida husoma omu mia kadhaa. Ikisoma mkatiko kabisa, imeungua. Kofia ya plagi nayo hupimwa, kwani ndani yake mara nyingi mna kizuizi cha omu zipatazo 5,000, na wengi huisahau. CDI hubaki ya mwisho: mita ya kawaida haiwezi kuithibitisha, hivyo hujaribiwa kwa kuweka nyingine nzima ya aina ileile.

Kwa zenye stata, betri nzima ya volti 12 husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Kitufe kikibonyezwa ikaporomoka chini ya 10, betri ni dhaifu. Ikibaki juu na kusikika mlio wa tik tu, relei na kutu ya ethi ndizo za kuchunguzwa.

Mwisho, viungo vitazamwe. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu hazidumu. Zilehemewe kwa risasi na kuvikwa mpira, kijani iungwe na kijani, na shingoni ziachiwe nafasi ya kujikunja. Spea iliyotolewa irudishwe kwa mwenyewe. Kabla ya malipo, injini iwe inaunguruma na usukani ukatwe kushoto na kulia hadi mwisho. Ikikatika hata mara moja, kazi haijaisha.