Na Angela Je?

Hebu msomaji kitafute Narrow Boat (1944) cha L.T.C. Rolt. Mwaka 1939 Rolt na Angela, maarusi wapya, waliondoka Banbury, Uingereza, na mashua yao Cressy, wakazunguka mifereji ya bara maili 400 hivi. Kusimulia anajua bwana: milango ya maji, farasi wakikokota mashua, mawaridi yaliyochorwa kwenye ndoo! Kasoro ni moja, nayo kubwa. Watu wawili ndani ya chombo chenye upana wa futi 7, halafu msimulizi ni mume tu! Wanamaji wa mifereji kawachora vizuri. Mkewe kampitia juu juu. Mwaka 1951 Angela alishuka, akajiunga na sarakasi ya Billy Smart. Safari hiyohiyo angeisimulia yeye, ningeinunua leo.