Daftari la Kaya Liandikwe kwa Ajili ya Anayebaki Nyumbani

Daftari la kaya, lile linaloeleza familia inavyoendesha mambo yake ya kila siku na itakavyofanya siku ya dharura, lina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: asiyelijua jambo aweze kulitenda kwa kusoma, hali mjuzi wake hayupo. Kipimo hiki kina uzito wa pekee Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa maisha ya huku yameugawa ujuzi tangu zamani. Katika kilimo cha ngoro cha Wamatengo, kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba kwenye mteremko, kisha wanawake huchimba mashimo na kuzifunika nyasi hizo kwa udongo. Mwambaoni, mvuvi wa dagaa hukesha ziwani wakati mkewe ndiye ajuaye ilipo kadi ya kliniki, na milimani mara nyingi mume ndiye ajuaye fedha za kahawa zinalipwaje kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS). Kugawana hivi kunarahisisha kazi siku za kawaida. Udhaifu wake huonekana usiku ambao mtoto anapata degedege na mwenye kujua la kufanya yuko mbali. Kwa hiyo daftari halina budi kumlenga anayebaki nyumbani: bibi, kijana wa darasa la sita, au shemeji aliyekuja juzi kutoka Songea.

Namna ya kuandika maelekezo yanayotendeka tuliwahi kuionyesha hapa nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilifikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa wiki 12. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, kijitabu kikasomwa kwa sauti, wakajadili yanayowahusu, halafu wakaamua kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena. Somo la magonjwa ya tumbo lilizaa uchimbaji wa vyoo, na somo la malaria likazaa ufyekaji wa vichaka na ufukiaji wa madimbwi. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika mpangilio huo. Kila somo lilikuwa fupi, lilitoka kwenye tatizo ambalo msikilizaji analo nyumbani kwake, na likaishia kwenye tendo lililo ndani ya uwezo wake. Daftari la kaya linapaswa kufuata njia hiyohiyo: ukurasa mmoja kwa tatizo moja, dalili juu, hatua katikati, na chini jina la wa kuitwa.

Tuchukue ukurasa wa mtoto anayeharisha. Kuandika “mpe maji ya chumvi na sukari” hakutoshi, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru. Mwenye kubaki nyumbani anahitaji vipimo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, endapo pakiti ya zahanati haipo. Anahitaji pia kujua wapi uwezo wake unakoma: mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, safari ya zahanati inaanza hapohapo. Ukurasa wa ziwa nao uandikwe kabla mtumbwi haujatoka: nani wamekwenda, upande gani, watarudi saa ngapi, na saa ngapi taarifa ifike kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, iwapo hawajaonekana. Pembeni yake pawe na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa siku hiyo. Saa ya kutoa taarifa ikipangwa mapema, anayesubiri hataupoteza muda wa uokoaji kwa kuona haya.

Wapo watakaosema wazee wetu hawakuhitaji daftari, na hoja yao ina msingi. Wamatengo walikuwa na sengu, ambapo wanaukoo walikula pamoja na kuzungumza kazi, migogoro na malezi, hivyo jambo likawa kichwani mwa wengi. Lakini sengu ilitegemea watu kukutana mara kwa mara mahali pamoja. Leo mmoja yuko shamba la mbali, mwingine anasoma bweni, mwingine ana duka Mbamba Bay. Daftari likisomwa kwa sauti baada ya chakula cha jioni linarudisha kazi ile ya sengu, na linamfikia pia asiyejua kusoma, kama vijitabu vya 1973 vilivyowafikia wengi waliokuwa bado wanajifunza herufi.

Wengine watasema simu inatosha. Namba 114 ya Zimamoto na 115 ya m-mama ni msaada mkubwa, na ziandikwe ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, anayepokea 115 hupanga usafiri wa mjamzito, mzazi au kichanga kwa kutegemea maelezo ya anayepiga. Kijana asiyejua mama yake ana ujauzito wa miezi mingapi, kadi ipo wapi, au gari likija lipite njia ipi, atachelewesha msaada akiwa na simu mkononi. Tena betri huisha na mtandao hukatika, kwa hiyo namba ya dereva wa kijijini na jina la jirani mwenye pikipiki viwe kwenye karatasi, pamoja na kituo kinachofuata zahanati ikishindwa, iwe hospitali ya Liuli kwa wa mwambaoni au Litembo kwa wa milimani.

Pingamizi zito zaidi ni la siri. Familia inaogopa, kwa haki, kuweka mambo ya ardhi na fedha mahali ambapo mgeni anaweza kusoma. Jibu ni kuandika mahali vitu vilipo na nani ana mamlaka juu yavyo: hati ya hakimiliki ya kimila inatunzwa na nani, deni la pembejeo liko AMCOS gani, shahidi wa mpaka wa shamba ni nani. Namba za siri zisiandikwe kamwe. Hayo yasipoandikwa, matokeo yake ni mjane anayebishana na mashemeji kuhusu shamba ambalo amelima kwa miaka mingi, kwa sababu tu ushahidi ulizikwa pamoja na marehemu.

Kazi ya kuandika haiishi wino unapokauka. Kila baada ya mavuno, mtoto anayejua kusoma apewe ukurasa mmoja na kuufuata wazazi wakiwa kimya: atafute kadi, achanganye maji, ataje wa kumwita. Pale atakapokwama ndipo pa kuandikwa upya, kwa maneno atakayoyachagua yeye, maana siku ya dharura yeye ndiye atakayesoma.