Anwani si Nuskha

Katika vitabu vya koo na makala za tarikhi zinazoandikwa na Waswahili wa ughaibuni, siku hizi imezoeleka kukuta tanbihi isiyo na kitu ila anwani ya mtandaoni. Hamna jina la aliyeandika hati, hamna tarehe yake, wala hamna jina la maktaba au nyumba inayoihifadhi. Mtindo huu tunaukosoa kwa sababu hasara yake itawaangukia wajukuu.

Anayetupa anwani tupu ametuonesha mlango, hakutupa alichokiona ndani. Siku nyumba ikifungwa, hatuna njia ya kupima maneno yake. Na nyumba hizi hufungwa. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, ambako watu wa kawaida kwa mamilioni walikuwa wameweka kurasa zao. Oktoba 2023 British Library ya London ilivamiwa na wahalifu wa mitandao. Katalogi yake haikurudi mpaka Januari 2024, na maandishi mengi ya mkono yaliyopigwa picha yalikawia zaidi kuonekana tena. Ikiwa maktaba ya taifa kubwa hufikwa na hayo, itakuwaje tovuti ya ukoo inayolipiwa na mtu mmoja kila mwaka?

Wako watakaosema kuwa Internet Archive inatuhifadhia yote. Kazi yake tangu 1996 ni ya kushukuriwa. Lakini haichukui kila ukurasa, haiingii penye nywila, na Oktoba 2024 nayo ilishambuliwa ikazimika kwa siku kadhaa.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine. Tuchukue Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, tarikhi ya Kilwa. Kitabu cha asili cha karne ya 16 kimepotea. Habari zake tunazo kwa kuwa zilinakiliwa: João de Barros alizifupisha kwa Kireno katika kitabu kilichochapwa 1552, na nuskha ya Kiarabu ya 1877 imo British Library. Mwaka 1895 Arthur Strong aliyachapa maneno ya Kiarabu katika jarida la Royal Asiatic Society. Kwa hiyo maktaba ilipozimika 2023, mwenye chapa ya Strong kabatini mwake aliendelea kusoma. Vivyo hivyo maandishi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu: yalipigwa picha chini ya mradi wa British Library, lakini vitabu vyenyewe vilibaki Lamu. Picha iliongeza nuskha, haikuchukua nafasi ya kitabu.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Familia nyingi zilitoka Zanzibar baada ya Januari 1964 bila ya karatasi zao. Kilichosalia ni kidogo: hati ya ndoa, wakfu wa shamba, barua, picha ya harusi ambayo mtu mmoja tu aliye hai ndiye awezaye kuwataja waliomo. Leo vitu hivi hupigwa picha kwa simu, hurushwa mtandaoni, kisha karatasi huachwa iliwe na mchwa kwa kudhani imeshahifadhika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo tunalolitupa.

Dawa yake haihitaji utaalamu. Ukiona ukurasa wenye faida, uhifadhi katika kompyuta yako na uuchape kwenye karatasi. Mwishoni andika kama walivyoandika wanakili wa zamani: umenakili kutoka wapi, tarehe gani, na wewe ni nani. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli. Weka nuskha ya pili katika nyumba nyingine, na ikiwezekana nchi nyingine; jamaa wa Maskati amwekee wa London, na wa London amwekee wa Maskati. Diski nayo huharibika, basi ifunguliwe kila mwaka na yaliyomo yahamishwe.

Na waandishi wetu tunawataka wafanye zaidi. Atakayetegemea ukurasa wa mtandaoni aitaje hati kwa jina lake, mwenye kuihifadhi na siku aliyoisoma, na aliletee jarida hili nuskha pamoja na makala yake. Asiye na nuskha asiitumie hati hiyo kuwa ushahidi wa nasaba ya watu.